Rangi ya Baharini

Siku ya tatu Katarina alikuwa bado anakwangua, na boti ilikuwa bado nyekundu.

Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magogo manne, ndani ya banda la bati ambalo zamani lilikuwa mnada wa samaki wa Kapalamsenga. Ilikuwa boti ya faiba, urefu wa hatua kumi, iliyofanya kazi baharini huko pwani miaka mingi kabla wanakijiji hawajachangishana, wakainunua na kuisafirisha kwa lori mpaka Ziwa Tanganyika. Walitaka iwe boti ya wagonjwa. Vitongoji vya kaskazini havina barabara. Mama akishikwa na uchungu kule, ni mtumbwi, au ni kubebwa kwa machela kwenye njia ya mlimani ambayo hata mbuzi huipita kwa tahadhari.

Tatizo lilikuwa kitako. Chini yote ya boti ilipakwa rangi nzito ya baharini, ile yenye sumu ndani yake, inayopakwa ili vidudu vya baharini vyenye magamba na mwani visigande. Wenye boti hawakuwa wakiiondoa ya zamani. Kila mwaka walipaka juu yake, na mwaka uliofuata wakapaka tena, mpaka ikawa na unene wa maganda ya mti. Sasa ilikuwa imekauka kwa jua la safarini na inabanduka vipande vipande. Rangi mpya isingeshika juu ya kitu kama hicho. Mafundi wa mitumbwi pale kijijini walijua mbao, misumari na lami. Walipoiona faiba walirudi nyuma, na ndipo mtu akamkumbuka mama mmoja wa Mpanda mjini anayepaka magari rangi.

Katarina alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kazi alifunzwa na marehemu mumewe katika gareji yao ndogo, na mume alipofariki hakumwita mtu kuja kuchukua kompresa ya kupulizia rangi. Aliivuta mwenyewe, akafunga kitambaa kichwani, akaendelea. Watu wa Mwamkulu, pale Mpanda anakoishi, walimjua kama mwanamke asiyekaa. Hata msibani hukaa kwenye mkeka kwa dakika tano, halafu utamkuta jikoni anaosha masufuria.

Pale bandani alikuwa anakwangua kwa skrepa, analowesha kwa maji ya ndoo, anasugua kwa msasa wa maji, anakwangua tena. Siku ya kwanza alijaribu mashine ya msasa. Vumbi jekundu likatoka kama moshi, macho yakamwasha, koo likawa kama amelamba shaba. Akaizima. Tangu hapo ni mkono na maji tu, glavu na barakoa, na turubai kubwa chini ya boti la kukusanyia mabaki.

Kila baada ya muda alivua glavu, akatazama simu. Haikuwa na mtandao. Mtandao ulikuwa unapatikana kwenye jiwe moja lililo nyuma ya kanisa, na Katarina tangu asubuhi alikwishapanda pale mara nne. Akifika juu huinua simu, vipande viwili vya mtandao vinaingia, hakuna ujumbe. Anashuka. Anakwangua. Anapanda tena.

"Fundi, hilo jiwe utalitoboa," alisema Abednego, mwenyekiti wa kamati ya boti, alipomkuta anashuka mara ya tano. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kanisani, anayevaa koti hata jua likiwaka. "Kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana, Mwenyekiti. Nanyoosha miguu."

"Nyoosha, lakini Jumamosi isitupite. Wageni wa wilayani wameshaalikwa. Kwaya inafanya mazoezi. Leo ni Jumatano."

"Najua leo ni Jumatano."

Abednego alitazama turubai lililojaa maganda mekundu na tope la rangi. "Na haya sasa? Nitawaambia watu waje wayakokote mpaka ziwani. Maji yatayachukua."

Katarina alisimama wima. "Mzee wangu, hii rangi ni ya kuua vidudu. Ndiyo kazi yake. Ukiimwaga pale akina mama wanapochota maji na kuosha dagaa, utakuwa umewawekea sumu ndani ya sufuria."

"Baharini si ilikuwa ndani ya maji miaka yote?"

"Na huko nako sijui ilifanya nini. Hapa haiingii majini. Inakaa kwenye viroba, nitarudi nayo Mpanda nikaulizie pa kuipeleka."

Abednego aliguna, akaondoka huku akihesabu siku kwa vidole. Katarina akachukua skrepa.

Alikuwa amemdanganya. Kulikuwa na mtu.

Bintiye Angela alikuwa ameolewa Ntimbwe, kimoja cha vitongoji vile vya kaskazini, kwa mvuvi aitwaye Gabrieli. Ujauzito wake ulikuwa umeingia mwezi wa tisa. Miezi miwili kabla, Katarina alikuwa amemtaka aje Mpanda mapema, akae karibu na hospitali. Angela alikataa. Alisema mume wake atamleta Kapalamsenga siku zikikaribia, kwamba zahanati ipo, kwamba yeye si wa kwanza kuzaa. Katarina akapandisha hasira. Alisema maneno juu ya wavuvi, juu ya mtoto aliyesomeshwa kwa vumbi la rangi halafu akaenda kuishi kwenye mawe. Mwisho akasema, "Usinipigie simu mpaka upate akili."

Angela hakupiga tena. Na Katarina, ambaye kila siku alikuwa anafungua namba ile na kuifunga, naye hakupiga.

Kwa hiyo walipokuja watu wa Kapalamsenga gareji kuuliza kama anaweza kushughulikia boti ya faiba, aliitikia kabla hawajamaliza kueleza. Hata hakumjulisha Angela kwamba yupo mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka kwake kwa boti ya injini. Alikuwa na mpango wake. Angemaliza boti, ishushwe Jumamosi, na safari ya kwanza ya majaribio iende Ntimbwe. Angetokea mbele ya nyumba ya bintiye ndani ya boti aliyoitengeneza kwa mikono yake. Hapo asingehitaji kuomba radhi kwa maneno. Boti ingesema.

Mtu pekee aliyejua ni Imakulata, mkunga wa zahanati, kwa sababu siku ile ya kwanza Katarina alipitia kwake kumuuliza kama jina la Angela limo kwenye daftari la kliniki. Lilikuwemo. Mara ya mwisho alihudhuria wiki tatu zilizopita. Mtoto alikuwa amekaa vizuri.

"Nenda kamwone, Mama Angela," Imakulata alimwambia. "Mitumbwi inaenda kila siku."

"Nikimaliza boti."

Alhamisi asubuhi alifika upande wa kulia wa mkuku, ule mgongo unaopita katikati ya kitako. Rangi hapo ilitoka kirahisi mno. Skrepa iliingia chini yake ikabandua ganda la ukubwa wa sahani, na chini yake hakukuwa na weupe wa faiba. Kulikuwa na kijivu.

Katarina alikijua kijivu kile kama anavyojua sura yake. Ilikuwa puti, ile ile wanayojazia mabodi ya magari yaliyogongwa. Aligeuza skrepa, akagonga kwa mpini. Faiba nzima ilitoa mlio mkavu. Alipogonga kwenye kijivu, mlio ukafa. Akagonga akisogea, toki, toki, toki, tu, tu, tu, mpaka akapata mipaka yake. Kilikuwa kipande cha urefu wa mkono, kuanzia kiganja hadi bega.

Alichimba kwa ncha ya patasi. Puti ikatoka madonge. Chini yake palikuwa na ufa, na ufa ulipita moja kwa moja. Alipochomeka waya mwembamba ukatokea ndani ya boti. Kingo zake zilikuwa laini na zenye unyevu, zinabonyea kwa kidole. Mtu fulani, mahali fulani, boti ikiwa imegonga jiwe, alikuwa amejaza puti, akapaka nyekundu juu, akaiuza.

Katarina alikaa chini kwenye ndoo. Hakukaa sana. Alisimama, akaizunguka boti, akarudi, akagonga tena kana kwamba jibu lingebadilika.

Kutengeneza vizuri alijua inavyotakiwa. Unakata sehemu yote iliyooza, unaiacha ikauke siku kadhaa, unajenga upya tabaka kwa tabaka kwa mkeka wa faiba na rezini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu. Rezini yenyewe ilikuwa iagizwe Mpanda. Wiki mbili, kama mvua itakuwa na huruma. Na kwenye boksi lake kulikuwa na kopo moja la puti, halijafunguliwa.

Hakuna aliyekuwa bandani. Kwaya ilikuwa inasikika kwa mbali, inarudia ubeti mmoja. Katarina alifungua kopo. Akachota puti akaiweka juu ya kipande cha bati, akakamulia dawa ya kukaushia, akakoroga haraka haraka kama anavyokoroga kila siku ya maisha yake. Akajaza ufa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akalainisha, akavuta kingo, na mahali pale pakawa sawa kabisa. Robo saa ingekauka. Angepiga msasa, angepaka praima, rangi ya msingi, jioni, rangi Ijumaa, na Jumamosi angekuwa Ntimbwe.

Alitazama kazi yake. Akamwona Angela amelala ndani ya boti hii, kwenye mbao za sakafu, mgongo wake juu ya mahali hapa hasa, na chini yake ziwa lenye kina ambacho wavuvi wenyewe hawajui mwisho wake.

Aliibandua puti kwa skrepa kabla haijashika, kisha kwa kucha, kisha kwa kitambaa chenye tina, dawa ya kuyeyushia rangi. Alisugua mpaka ufa ukabaki mtupu. Alitoka bandani bila kunawa, akaenda moja kwa moja kwa Abednego, akamkuta ukumbini na watu wa kwaya.

"Mwenyekiti, njoo uone."

Abednego alikuja, akaona, akachomeka waya mwenyewe, akauchomoa. Halafu sauti yake ya kanisani ikapanda.

"Kwa nini umechimba? Nilikuita kutoa rangi, sikukuita kutoboa!"

"Sikutoboa. Nimeonyesha."

"Hii boti imetoka pwani inaelea!"

"Imetoka pwani juu ya lori, baba."

"Ziba. Una puti, nimeiona. Ziba, Jumamosi ipite, halafu utaitengeneza taratibu tukishamaliza shughuli za watu."

"Nimeshaziba," Katarina alisema, "na nimeshazibua. Sasa hivi tu. Mimi nina mtoto kule Ntimbwe, ana mimba ya miezi tisa. Nikikwambia hii boti haiendi majini, ujue hakuna mtu hapa anayeitaka majini kuliko mimi."

Abednego alimtazama, akatazama ile mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alivua koti lake, jambo ambalo watu walikuwa hawajaliona, akaliweka begani, akatoka bila kuaga. Katarina hakujua kama ameelewa au amekwenda kumtafuta fundi mwingine.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa anakata kingo zilizooza kwa grainda, barakoa usoni, ndipo alipoona sketi nyeupe ya Imakulata ikija mbio. Akazima mashine.

"Gabrieli amepiga simu kutoka juu ya mlima, imenikuta pale kwenye jiwe," alisema Imakulata, anahema. "Angela ana uchungu tangu jana jioni. Chupa imepasuka. Anatokwa damu kidogo, na Gabrieli ameogopa kumpakia mwenyewe. Nimeshamwambia Maiko awashe injini."

Maiko alikuwa mvuvi wa dagaa wa kule kule ufukweni, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa amerudi alfajiri kutoka kuvua na alitakiwa awe amelala. Walimkuta anafungua kofia ya tangi la boti yake ya mbao, macho yamevimba kwa usingizi.

"Twende, Mama," alisema. "Mawimbi yapo, ila freshi, yanapitika."

Katarina aliingia kama alivyo, ovaroli limejaa vumbi, viatu vya mpira, skrepa bado mfukoni. Imakulata alipakata begi lake la kuzalishia juu ya magoti. Walitoka.

Ile saa moja na nusu Katarina hakukaa hata kidogo. Alisimama mbele ameshika ukingo, akaja nyuma kumuuliza Maiko kama injini haiwezi kuongezwa, akaenda katikati kukomba maji kwa kopo, akarudi mbele. Wimbi lilipowapiga kwa ubavu alianguka kwenye mrundo wa nyavu, akainuka.

"Mama Angela, kaa," alisema Imakulata. "Unaiyumbisha."

Akakaa. Akashika skrepa mfukoni, akaizungusha, akaizungusha.

Ntimbwe ilikuwa nyumba kumi na tano chini ya mwamba. Gabrieli alikuwa majini tayari, maji kifuani, anaivuta boti kabla haijafika. Alipomtambua mkwewe alishtuka, akainamisha kichwa.

"Yuko wapi?" Katarina aliuliza.

Angela alikuwa kwenye mkeka kivulini, mama wawili wamemshika mgongo. Uso ulikuwa umesawijika. Alifumbua macho akaona mtu anakuja mbio kutoka ziwani, mwekundu mikono, mwekundu kifua, mwekundu shingo.

"Mama!" alilia. "Mama, umeumia? Una damu!"

"Si damu, mwanangu. Ni rangi. Ni rangi tu."

Alikuwa anapiga magoti kumshika, na Imakulata akamsukuma kwa bega.

"Usimguse! Hiyo sumu unataka kumpaka mama mjamzito? Nenda kaoge kwanza. Sabuni hii hapa. Na maji yake usiyarudishe ziwani, wanakunywa hawa."

Basi, baada ya miezi miwili ya kunyamaziana, Katarina alisimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wake bila kuweza kumgusa. Alichukua ndoo, akaenda nyuma ya nyumba penye mchanga mbali na ziwa, akavua ovaroli, akajisugua kwa kipande cha wavu mpaka ngozi ikachubuka. Maji yalichuruzika mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe. Kila Angela alipopiga kelele kule kivulini, alisugua zaidi. Mama mmoja akamletea khanga mbili. Alizifunga akaenda mbio, maji bado yanamtiririka, na hatimaye akamshika mkono.

"Ulisema nisipige simu," Angela alisema katikati ya uchungu, macho yamefumba.

"Nilisema ujinga. Nimekaa siku nne Kapalamsenga natengeneza boti nije nayo, badala ya kuja kwa miguu yangu. Huo nao ujinga. Nisamehe."

Uchungu ulikuwa umekuja tena, Angela akamkamata mama yake mkono akaubana kama anataka kuuvunja.

Imakulata alimpima, akasimama. "Tunaondoka. Damu siipendi. Kama kutatokea la kutokea, nataka niwe karibu na dawa zangu zote."

Walimbeba na mkeka wake wakamlaza katikati ya boti ya Maiko. Katarina alikaa nyuma yake, mgongo wa bintiye kifuani kwake, miguu yake imemzunguka. Safari hii hakuweza kusimama wala kwenda popote. Kila wimbi lilipoinua boti, alikaza mikono. Lilipoiangusha, alikaza meno. Gabrieli alikuwa anakomba maji bila kupumzika, machozi yanamtoka bila sauti.

Hawakufika. Milima ya Kapalamsenga ilikuwa imeanza kuonekana Imakulata aliposema, "Maiko, punguza. Geuza kichwa cha boti kitazame mawimbi, ushikilie hapo hapo."

"Hapa? Katikati ya maji, nesi?"

"Hapa."

Injini ikashuka ikawa inanguruma polepole. Angela alisukuma mara tatu. Mara ya nne kichwa kikatoka, na kitovu kilikuwa kimezunguka shingo. Katarina aliona vidole vya Imakulata vikiingia, vikivuta, vikikipitisha juu ya kichwa kile kidogo bila haraka, kama mtu anayemvua mtoto mkufu. Halafu mtoto akatoka mwili wote. Alikuwa wa bluu na kimya.

Imakulata alimfuta, akamnyonya kamasi kwa mpira wake, akamsugua mgongoni. Kimya. Akasugua tena. Ilisikika injini tu, na maji yakipiga ubao. Katarina hakuwa na cha kufanya kwa mikono yake, kwa sababu yote miwili ilikuwa imemshika Angela, na hilo lilimtesa kuliko kitu chochote alichowahi kupitia.

Halafu mtoto akapiga chafya. Akavuta pumzi, akalia, sauti nyembamba ya hasira.

"Wa kike," alisema Imakulata. "Maiko, sasa kimbiza."

Damu ya Angela ilitulia kwa sindano aliyochomwa mle mle botini, na kufika saa nane mchana walikuwa wamelazwa zahanati, yeye na mtoto, wanapumua vizuri. Gabrieli alilala sakafuni chini ya kitanda kama aliyepigwa. Katarina alimpakata mjukuu kidogo, akamrudisha, akanyoosha shuka, akafunga dirisha, akalifungua.

"Mama," Angela alisema kwa sauti ya kuchoka, "kwani wewe huchoki?"

"Nachoka."

"Basi kaa hapa nilale. Nikiamka nikukute."

Katarina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Muuguzi mwingine alipoingia jioni alimkuta hapo hapo, mguu mmoja unatingishika, lakini amekaa.

Jumamosi watu walifika. Kwaya ilikuja na sare zake, na wageni wawili wa wilayani wakashuka kwenye gari lililojaa tope. Boti ilikuwa bado kifudifudi bandani, nusu nyekundu nusu nyeupe, na ubavuni mwa mkuku kulikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha kichwa. Katarina alisimama pembeni akisubiri kuaibishwa.

Abednego alikuja mbele akiwa na koti lake. Alikohoa.

"Ndugu zangu, mnaona tundu," alisema. "Hilo tundu lilikuwepo tangu siku tulipoinunua boti. Mimi ndiye niliyeipokea, nikaipiga picha, nikasema ni nzima. Sikugonga wala sikuuliza. Fundi huyu amegonga. Juzi nilimwambia azibe tu ili leo ipendeze, akakataa. Na jana mtoto wake mwenyewe amejifungulia kwenye mawimbi kwa sababu boti haikuwa tayari. Hilo ni langu, si lake." Akageukia waimbaji. "Kwaya, imbeni kidogo, halafu tuwape wageni chai. Boti itashuka ikipona."

Watu walinong'ona. Wengine walikasirika waziwazi, na mmoja alisema kwa sauti kwamba wamechangia tundu. Mgeni mmoja aliinama, akachungulia ndani ya lile tundu kwa muda mrefu, akainuka akauliza rezini inapatikana wapi.

Rezini ingefika Jumatano kwa basi la Mpanda. Wakati wa kusubiri ufa ukauke, Katarina aliendelea na upande wa kushoto uliokuwa haujaguswa. Jumatatu asubuhi alipofika bandani alikuta mtu ametangulia. Alikuwa Abednego, shati tu, barakoa imemkaa vibaya puani, anakwangua rangi bila maji na vumbi linamrukia usoni.

"Lowesha kwanza, baba," Katarina alisema. "Utakohoa mpaka Pasaka."

Alilowesha. Wakafanya kazi kila mmoja upande wake, bila maneno mengi, maganda yakidondokea kwenye turubai. Kama saa nne Katarina aliinua kichwa akamwona Angela anakuja polepole kwenye njia ya zahanati, mtoto amefungwa kifuani, Gabrieli nyuma yake na mwavuli.

Alidondosha skrepa, akaanza kwenda. Halafu akajitazama mikono, akasimama.

"Ishieni hapo hapo!" alipaza sauti. "Upepo unatokea huku. Kaeni upande ule wa mwembe, nakuja. Nanawa nakuja."

"Taratibu, Mama," Angela alimjibu. "Hatuendi popote."

Lakini yeye alikuwa ameshaishika sabuni.